Nyota zinazobadilika: jinsi zinavyotambuliwa na kuandikwa

Nyota inayobadilika ni nyota ambayo mwanga wake huongezeka na kupungua, kwa saa chache, kwa siku au kwa miaka. Habari hii inahusu makanisa yetu pia, kwa sababu kila nyota inapofifia kuna waamini wanaouliza kama ni ishara ya mwisho.

Aina zake

Nyota nyingine ni mbili zinazozungukana, na moja humfunika mwenzake. Algol hupungua hivyo kila baada ya siku 2 na saa 21 hivi. Nyingine huvimba na kunywea zenyewe, kama Delta Cephei, kwa siku 5 na zaidi kidogo. Nyingine hulipuka ghafla.

Kazi ya kuziorodhesha

Kutazama mara moja hakutoshi. Nyota hupimwa usiku mwingi, vipimo vinachorwa, na umbo la mchoro ndilo linaloonyesha aina. Kisha hupewa jina: herufi pamoja na kundi lake la nyota, kuanzia R. Herufi zikiisha, hutumika V na namba, kuanzia V335.

Mwaka 1908 Henrietta Leavitt wa Marekani alitangaza orodha ya nyota 1,777 za namna hii, alizozitafuta kwa macho kwenye picha za vioo. Mwaka 2022 orodha ya chombo Gaia cha Ulaya ilikuwa na vitu zaidi ya milioni 10 vinavyobadilika. Kwa wingi huo, kompyuta hufundishwa kwa mifano inayojulikana, halafu wataalamu hukagua.

Uhuru, kutoka pwani ya Kenya

Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini, karibu na Malindi. Ikaitwa Uhuru. Ilipima miale ya eksirei angani hadi 1973, na orodha yake ya mwisho, ya 1978, ina vyanzo 339. Vingi hubadilika: Centaurus X-3 hupiga kila sekunde 4.8. Kiongozi wa kazi hiyo, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Kwa wahubiri

Mwishoni mwa 2019 Betelgeuse, nyota nyekundu ya Orion, ilianza kufifia sana. Kufikia Februari 2020 hata jicho tupu liliona tofauti. Wataalamu walieleza kwamba wingu la vumbi lililotoka kwenye nyota yenyewe liliuziba mwanga. Baadaye mwanga ulirudi. Nyota hiyo ilikuwa katika orodha za zinazobadilika tangu karne ya 19.

Sisi wa Goma tunajua uzito wa onyo la kweli. Mei 2021, baada ya Nyiragongo kulipuka, watu wengi walihama mji kwa amri ya serikali. Anayetangaza hatari isiyokuwepo huwachosha watu, na siku ya hatari yenyewe hawatasikia. Zaburi 147:4 inamtaja Mungu kuwa ndiye anayezihesabu nyota na kuzipa majina. Basi kabla ya kuhubiri ishara, mchungaji aulize kwanza: je, nyota hii imo katika orodha?