Ufundishaji wa saikolojia katika sekondari za Marekani

Saikolojia ya utangulizi ni somo la kuchagua linalowafundisha vijana kuchunguza akili na tabia kisayansi. Mtihani wake wa ngazi ya chuo, unaotungwa na shirika la College Board, ulianza mwaka 1992.

Darasa huchangamka wanafunzi wenyewe wanapofanyiwa jaribio. Katika lile la John Ridley Stroop, lililochapishwa 1935, neno “nyekundu” huandikwa kwa wino wa kijani. Anayetakiwa kutaja rangi ya wino hubabaika, kwa kuwa kusoma kumeshakuwa mazoea yasiyozuilika. Kubabaika huko hufundisha kuliko ukurasa mzima wa maelezo.

Mwaka 2023 mada ya somo hili kuhusu jinsia na mwelekeo wa kimapenzi ilizua mvutano jimboni Florida. College Board ilikataa, na ilistahili kukataa, kuiondoa.