Leja ya Nyakato na Mpaka wa Biti 28

Historia ya kompyuta nchini mwetu huandikwa kama orodha ya mapokezi. Mashine ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuziingiza nchini. Miaka ya 1980 marufuku ikaanza kulegezwa. Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ukatia nanga Dar es Salaam. Orodha hiyo ni sahihi, ila haielezi lolote kuhusu mashine zilizotufikia zikiwa zimekwisha kutumikia wengine. Wengi wetu tulijifunzia kompyuta kwenye mitumba, na mtumba huja na mipaka ya zama zake.

Mwaka 2011 niliitwa Nyakato, kwenye duka la steshenari lililo kando ya barabara ya Musoma. Kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa kilikuwa kikitunza leja yake kwenye kompyuta ya duka hilo, kwa makubaliano na mwenye duka. Asubuhi moja leja haikufunguka. Majalada yalikuwapo kwa majina, lakini ndani mlikuwa na herufi zisizosomeka. Mama mhazini alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya duka, kimya, na wanachama wawili walikwisha kuanza kuulizana fedha zao zimekwenda wapi. Katika kikundi cha namna hiyo, leja ikipotea, anayetuhumiwa ni mtu.

Fundi aliyekuwa jirani aliifungua mashine mbele yetu. Kwanza aliweka kiganja juu ya diski kuu kusikia kama inazunguka. Akachomoa kebo na kuirudisha. Akakagua jampa, kile kipande kidogo cha plastiki na chuma kinachoiambia diski kama ni ya kwanza au ya pili kwenye kebo yake. Akatazama saa ya mashine kujua kama betri ya ubao mkuu imekufa, kwa sababu betri ikifa bayosi husahau mipangilio yake, ya diski ikiwamo. Huo ndio utaratibu, na mara nyingi tatizo la diski kutoonekana huishia hapo. Safari hii kila kitu kilikuwa kizima.

“Mwalimu,” akaniambia, “diski haijafa. Mashine ndiyo haijui kuhesabu kufika huko.”

Nilidhani anatania. Kumbe alikuwa ameeleza, kwa sentensi moja, sura nzima ya historia ya uhandisi.

Kompyuta husoma diski kwa anwani, na kila anwani huelekeza kwenye sekta moja yenye baiti 512. Idadi ya anwani hutegemea tarakimu ambazo wabunifu walikubali kuzitengea nafasi. Kanuni ya ATA, iliyotawala diski za kompyuta binafsi tangu miaka ya 1990, ilitenga biti 28. Hizo hutoa anwani 268,435,456, sawa na gigabaiti 137 na ushei. Kanuni ya biti 48 ilikuja na ATA-6 mwaka 2002, na Windows XP iliitambua kuanzia toleo lake la marekebisho la kwanza, mwaka huohuo. Mashine ya Nyakato ilikuwa na Windows XP ya mwanzo kabisa, isiyo na marekebisho.

Diski yake ya asili ilipochoka, mwenye duka alinunua nyingine ya gigabaiti 250. Aliyemuuzia aliigawa na kuiandaa kwenye kompyuta mpya, kisha akaihamishia kwenye ile ya zamani. Ilionekana nzima, kwa ukubwa wake wote, na hapo ndipo palipokuwa na mtego. Duka lilikuwa pia likiwawekea wateja nyimbo na filamu, nazo ziliendelea kujaa. Siku zilipovuka gigabaiti 137, mashine ilikata tarakimu za juu za anwani ambazo haikuwa na nafasi ya kuzishika, ikarudi mwanzo wa diski na kuandika pale. Mwanzo wa diski ndiko leja ilikokuwa. Filamu iliandikwa juu ya akiba za akina mama, bila onyo lolote kwenye skrini.

Mpaka huo haukuwa wa kwanza. Wa zamani zaidi, wa megabaiti 528, unanivutia kuliko yote, na nawaomba watumishi wa umma wausome kwa makini. Bayosi iliruhusu silinda 1,024, vichwa 256 na sekta 63. Peke yake ingefika gigabaiti 8.4. ATA iliruhusu silinda 65,536 lakini vichwa 16 tu. Peke yake ingefika gigabaiti 137. Zilipolazimika kufanya kazi pamoja, ilibidi kuchukua kidogo cha kila upande: silinda 1,024 za huku, vichwa 16 vya kule, sekta 63. Pande mbili, kila moja ikiwa na nafasi tele, zilizaa kwa ushirikiano wao uchochoro. Anayefuatilia faili kati ya idara mbili anaijua hesabu hii bila kuwa mhandisi.

Mpaka mwingine bado uko nasi. Jedwali la kugawa diski lililokuja mwaka 1983, wakati IBM PC XT ikiuzwa na diski ya megabaiti 10, huishia kwenye terabaiti 2.2. Kwa aliyekuwa na megabaiti 10, hiyo ilikuwa sawa na milele. Sina sababu ya kumlaumu. Lawama yangu ni kwetu: Uganda ilipiga marufuku kompyuta zilizotumika katika bajeti ya 2009, nasi tulikwisha kuonja marufuku yetu, lakini kati ya kufunga mlango na kuuacha wazi hatukujiuliza nani atamfundisha mwenye duka wa Nyakato mashine yake inahesabu mpaka wapi.

Fundi aliokoa alichoweza, akaigawa diski upya ndani ya gigabaiti 120, na kilichobaki akakiacha bila kutumika. Leja iliandikwa upya kutoka kwenye vitabu vidogo vya wanachama, kitabu kimoja baada ya kingine, kwa wiki tatu. Vitabu viwili havikupatikana. Mama mhazini alilipa tofauti ya vitabu hivyo kutoka mfukoni mwake, na mwaka uliofuata hakugombea tena.