Tetesi za Ubia: Kutoka Kamera za Japani hadi Kinywe cha Mahenge

Tetesi huvuma pale taarifa inapokosekana. Lakini historia ya biashara inaonyesha kwamba hata tetesi ya kweli inaweza kutupotosha.

Mwaka 2011 kampuni ya Olympus ilikumbwa na kashfa ya kuficha hasara katika hesabu zake. Zikavuma habari kwamba Sony, Panasonic na Fujifilm zilitaka ubia nayo, na wapenzi wa kamera wakaanza kukisia kamera zitakazozaliwa. Septemba 2012 Sony ilitangaza kuwekeza yeni bilioni 50. Ubia ulikuwa wa kweli. Ila kampuni ya pamoja iliyoanzishwa 2013, Sony ikiwa na asilimia 51, ilikuwa ya vifaa vya tiba. Januari 2021 biashara ya kamera za Olympus iliangukia mikononi mwa mfuko wa uwekezaji wa Japan Industrial Partners.

Kabla ya hapo, Julai 2005, Sony na Konica Minolta zilitangaza kubuni kamera za kidijitali kwa pamoja. Januari 2006 Konica Minolta ikatangaza kuacha kabisa biashara ya kamera, na sehemu ya mali zake ikaenda Sony. Katika miezi sita, mbia amekuwa mrithi.

Neno "ubia", basi, peke yake halituambii nani anamiliki nini, nani anaamua, wala nani atabaki na mali siku ya kuachana.

Jambo hili linatugusa hapa Lupiro. Betri za lithiamu za kamera na simu hutengenezwa kwa kutumia kinywe, na kinywe hicho kimo katika milima ya Mahenge, mwisho wa barabara hii itokayo Ifakara. Desemba 2021 Serikali na Black Rock Mining ya Australia zilikubaliana kuhusu kampuni ya Faru Graphite: asilimia 84 kwa Black Rock, 16 kwa Serikali bila kuzilipia, kwa mujibu wa Sheria ya Madini iliyorekebishwa 2017. POSCO ya Korea Kusini nayo imenunua hisa za Black Rock.

Vijiweni nasikia wengine wakisema mlima umeuzwa, wengine kwamba ni wetu sote. Siwalaumu. Asilimia 16 haimaanishi fedha kwa kijiji. Gawio hutegemea faida na huenda Hazina. Ushuru wa huduma, unaotozwa kwenye mapato ghafi, ndio uendao halmashauri. Ni mifuko miwili tofauti, na kila mmoja una wa kuulizwa.

Nawasihi watumishi wa umma wayaeleze haya kwenye mikutano mikuu ya vijiji, kwa Kiswahili na kwa tarakimu, kabla ya magari ya kinywe kuanza kupita. Mwananchi asiyejua fungu lake hawezi kulidai.