Kitenzi cha Kimaa: Silabi na Matamshi

Katika lugha ya Kimaa, isemwayo na Wamasai wa Kajiado, na hata Kitengela palipochanganyika kaumu nyingi, kitenzi huanza kwa kiambishi cha nafsi na huweza kuishia kwa konsonanti: a-dol, naona, i-dol, waona, ki-dol, twaona, basi aliyelelewa na silabi wazi za Kiswahili hushawishika kutia irabu mwishoni, nayo haina haki hapo. E-dol hutumika kwa nafsi ya tatu, umoja na wingi sawia, mithili ya Kifaransa, ambamo parle na parlent hutamkwa mamoja ingawa maandishi yatofautiana. Taabu hasa imo katika toni ya nomino, isiyoandikwa katika tahajia ya kawaida, ambayo ndiyo ibainishayo mtenda na mtendwa, kama walivyoeleza Tucker na Mpaayei katika sarufi yao ya mwaka 1955.