Viti vya Delhi

Aprili 8, 2008, Waziri Mkuu Manmohan Singh alifungua New Delhi mkutano wa kwanza wa kilele kati ya India na Afrika. Nchi za Kiafrika zilizoketi ukumbini zilikuwa 14 tu. Zilizobaki hazikususa, hazikualikwa.

Orodha ya wageni haikuandikwa na mwenyeji. Miaka miwili nyuma, huko Banjul, Gambia, Umoja wa Afrika ulikuwa umepitisha kanuni: taifa kubwa likitaka kuzungumza na bara zima, waende mwenyekiti wa Umoja, nchi waasisi wa NEPAD, mpango wa maendeleo wa bara, na wenyeviti wa jumuiya za kikanda. China ilikuwa imezoea kuita kila nchi yenye ubalozi nayo. India ilikubali kupitia mlango wa Umoja, na aliyekuwa mwenyekiti mwenza wa mkutano ni Rais Jakaya Kikwete wa Tanzania, aliyeshika uongozi wa Umoja mwishoni mwa Januari.

Delhi iliahidi mikopo ya dola bilioni 5.4 kwa miaka mitano. Mkutano wa pili, Addis Ababa, Mei 2011, ukaleta ahadi ya bilioni 5 nyingine. Msomaji asidhani fedha hizo hupitia hazina zetu. Benki ya Exim ya India humlipa mkandarasi wa Kihindi hukohuko, na kwa kawaida asilimia 75 ya vifaa na huduma sharti zitoke India. Kinachovuka bahari ni mabomba, mitambo na deni. Lakini mama wa Nzega, Tanzania, anayekinga maji ya Ziwa Victoria hataki kusikia habari za asilimia: bomba lililofika Tabora, Igunga na Nzega lilijengwa kwa mkopo wa namna hiyo.

Mkutano wa tatu ulisogezwa mbele kwa sababu ya Ebola, na ulipofanyika Oktoba 2015 kanuni ya Banjul iliachwa mlangoni. Narendra Modi, waziri mkuu aliyemfuata Singh, aliita nchi zote 54, wakaja viongozi 41. Alikuwapo hata Mfalme Mohammed VI wa Morocco, ambayo wakati huo haikuwa mwanachama wa Umoja wa Afrika. Ahadi nazo zilipanda: mikopo ya dola bilioni 10, nafasi 50,000 za masomo. Kwa maoni yangu, siku hiyo India ilipata marafiki wengi, na Umoja ukapoteza sauti yake moja.

Sauti hiyo ilirudi kwa njia nyingine, Delhi hiyohiyo, Septemba 2023. Katika mkutano wa G20, kundi la mataifa yenye uchumi mkubwa, Modi alitangaza kuwa Umoja wa Afrika umekuwa mwanachama wa kudumu, akamkumbatia mwenyekiti wake, Azali Assoumani wa Komoro. Kisha Jaishankar, waziri wa mambo ya nje, akamwongoza hadi mezani. Rais wa visiwa visivyofikisha watu milioni moja akaketi, kwa niaba ya wanachama 55 wa Umoja.