Tufaha tumelisikia, nyumba je?

Ukipita darasa la fizikia lazima ukutane na ile story ya Newton na tufaha. Kijana wa shambani amekaa karibu na mti, tunda likaanguka, akili ikafunguka. Wahamasishaji wanaipenda sana kwa sababu inamfanya Newton aonekane hohehahe aliyetoka kwa akili peke yake.

Shida ni kwamba nyumba alikozaliwa bado imesimama, na inatoa ushahidi tofauti.

Iko Woolsthorpe, kijiji kidogo kusini mwa Grantham, katika jimbo la Lincolnshire. Ni nyumba ya shamba yenye ghorofa, kuta za mawe ya chokaa ya eneo hilohilo, na ukiitazama kutoka juu ina umbo la herufi T. Madirisha yamegawanywa kwa vinguzo vya mawe. Ukanda wa jiwe hili unakatiza Uingereza kutoka kusini magharibi kuelekea kaskazini mashariki, na popote unapopita utakuta nyumba za shamba zimejengwa nalo. Linakatika vizuri. Ukilichoma linakupa chokaa ya kushikanisha ukuta uleule. Lakini jiwe kuwa karibu si kuwa bure, hata wanaojenga Kenya wanajua: kuchimba, kubeba, kuchonga, kila hatua ni pesa.

Hapa pesa ilikuwa ya kondoo na ardhi. Babu yake Newton, Robert, alinunua Woolsthorpe mwaka wa 1623, na si nyumba tu, bali pamoja na haki za ubwana wa eneo, yaani wapangaji walilipa kodi kwake. Baba yake, Isaac mkubwa, hakuweza hata kuandika jina lake. Alipokufa mwaka wa 1642, miezi michache kabla mtoto hajazaliwa, aliacha kondoo zaidi ya 200. Huyo ni maskini gani?

Sasa sehemu inayoniuma. Isaac alipokuwa na miaka 3, mama yake, Hannah, aliposwa na kasisi mmoja tajiri, mzee, aitwaye Barnabas Smith. Simulizi za waliomjua Newton zinasema kulikuwa na masharti: Smith ampe mtoto kipande cha ardhi, na aikarabati nyumba ya Woolsthorpe. Hannah akahamia kwa mume wake kijiji cha jirani. Mtoto akaachwa na bibi yake, ndani ya nyumba iliyotengenezwa kwa mapatano hayo hayo. Wengine watamlaumu Hannah. Mimi naona mjane aliyebana mkataba mzuri katika dunia isiyompa nafasi nyingi, na mtoto aliyelipa gharama yake. Newton hakusahau. Mwaka wa 1662, akiwa Cambridge, aliandika orodha ya dhambi zake, na moja ilikuwa kwamba aliwahi kutishia kuwachoma Smith na mama yake, pamoja na nyumba waliyokuwa ndani.

Smith alikufa mwaka wa 1653 na Hannah akarudi na watoto wengine watatu. Baadaye akamtoa Isaac shule aje asimamie shamba. Kazi ilimshinda kabisa! Rekodi za mahakama ya kijiji za 1659 zinaonyesha alipigwa faini kwa kuacha kondoo wake waharibu mali na nguruwe waingie mashamba ya watu. Akarudishwa shule.

Halafu 1665 tauni ikafunga chuo cha Cambridge, na akarudi kwenye zile kuta. Kwa muda mwingi hadi 1667 alikaa huko akifikiria hisabati, mwanga na nguvu ya mvutano. Wanafunzi wengi walifungiwa makwao wakati huo, ila yeye alikuwa na paa, chakula, na mapato ya shamba ambayo hayakumhitaji achunge hata kondoo mmoja. Akili yake sibishani nayo. Nasema tu kuna mtu alikuwa nje kwenye baridi akichunga.

Alipokuwa mtoto alikuwa na tabia ya kuchora ukutani. Mwaka wa 2017, mtafiti aliyepiga picha kuta za nyumba hiyo kwa kumulika taa kutoka pembe mbalimbali aligundua mchoro karibu na jiko la kuotea moto, hafifu kiasi kwamba jicho halikuwa limeuona. Ni kinu cha upepo, na inaaminika mchoraji ni yeye.