Maumivu ya Kiungo Kisichokuwapo

Adhabu ya kaburi, wasema wahenga, aijua maiti. Methali hii yawaelea sana watu waliokatwa mkono au mguu. Kiungo kimekwisha zikwa, lakini mwenyewe angali akihisi vidole vikijikunja, kucha zikichoma kiganja na unyayo ukiwasha. Atazamapo haoni kitu. Na awaelezapo wenziwe, huogopa kudhaniwa amerukwa na akili.

Katika karne ya 16 Ambroise Paré, tabibu mpasuaji wa majeshi ya Ufaransa, aliyaandika malalamiko hayo ya askari. Mwaka 1641 mwanafalsafa René Descartes, Mfaransa pia, aliwatumia watu hao kuwa mfano wa kuonyesha kwamba hata hisia za ndani ya mwili zaweza kumdanganya mtu. Hoja ilipata nguvu. Mgonjwa hakupata nafuu.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, viliwaacha maelfu ya askari na vigutu. Tabibu Silas Weir Mitchell aliwauguza wengi waliojeruhiwa mishipa ya fahamu huko Philadelphia. La ajabu ni kwamba habari yao aliitoa kwanza kwa njia ya hadithi. Mwaka 1866 jarida la Atlantic Monthly lilichapisha, pasipo jina la mwandishi, kisa cha George Dedlow, askari wa kubuniwa aliyepoteza mikono na miguu yote. Wasomaji walikisadiki, na fedha zikachangwa kumsaidia mtu ambaye hakuzaliwa kamwe.

Mwaka 1871 Mitchell aliviita viungo hivyo vizuka, na mwaka uliofuata akatoa hesabu: katika watu 90 waliokatwa viungo, 86 walivihisi. Kumbe asiyehisi ndiye aliyekuwa wa pekee.

Elimu ya leo yafundisha kuwa ubongo una ramani ya mwili, wala ramani hiyo haifutiki kisu kipitapo. Kadhalika mishipa iliyokatwa huendelea kupeleka habari kutoka kwenye kigutu. Katika miaka ya 1990 V. S. Ramachandran, huko California, aliwawekea wagonjwa kioo kilichoonyesha mkono mzima mahali pa uliokatwa. Baadhi yao walipata faraja, wengine la.

Kioo hakimrudishii mtu mkono wake. Lakini aliyekiweka alikuwa amekwisha kubali jambo ambalo wengi kabla yake walilikana: kwamba maumivu yalikuwa ya kweli, ingawa mkono haukuwapo.